Mwanafunzi wa sekondari mwenye uoni hafifu: tuanze na kifaa gani, na je, ahamie nukta nundu?

MjombaWaKonde ameuliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wanaojua, kwani jambo hili limenikaa moyoni na familia nzima inasubiri neno langu.

Mpwa wangu anasoma kidato cha pili katika skuli moja ya Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ana ualbino, na uoni wake ni hafifu tangu kuzaliwa. Miwani anayo, alipimwa kliniki ya macho, na inamsaidia kiasi, lakini hata akiivaa hawezi kusoma kilichoandikwa ubaoni mpaka ausogelee kabisa, na kitabu hukisoma akiwa amekileta karibu na pua. Skuli ya msingi alimaliza vizuri, kwa sababu vitabu vya watoto vina herufi kubwa na mambo ya kunakili hayakuwa mengi. Tangu aingie sekondari hali imekuwa nyingine. Herufi za vitabu ni ndogo, masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza, na kila jioni hurudi akilalamika kichwa. Akishasali Isha huazima daftari la rafiki yake na kukaa nalo akinakili yaliyompita mchana, mpaka muda wa kusoma kwenyewe unakwisha.

Mwalimu mmoja, kwa nia njema, amependekeza kijana aanze kufundishwa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Dada yangu amelipokea pendekezo hilo kwa majonzi, kwani kwake ni sawa na kuambiwa kwamba mwanawe anakwenda kupoteza macho. Mimi niko Unguja kikazi, na nimeweka akiba inayotosha kununua ama kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika ama kishikwambi kipya cha bei ya wastani. Vyote viwili siwezi kwa mwaka huu. Naomba kujua kipi kitangulie, iwapo zipo programu zinazosoma Kiswahili na Kiingereza kwa sauti bila kuhitaji intaneti kila wakati, na hilo la nukta nundu tulichukueje. Nataja pia kwamba skuli hairuhusu wanafunzi kuwa na simu.

MaalimMjumuisho amejibu:

Waalaykumu ssalaam. Mjomba, mimi ni mwalimu wa elimu mjumuisho hapa Pemba, na wanafunzi wenye ualbino nimewafundisha kwa miaka mingi. Nitaanza na nukta nundu, kwa sababu ndiyo inayomkosesha raha dada yako.

Uoni hafifu wa mtu mwenye ualbino unatokana na upungufu wa melanini, ambayo mbali ya kuipa ngozi na nywele rangi ina kazi yake ndani ya jicho. Mwanga mwingi hupenya kwenye ile duara inayoizunguka mboni, isiyo na rangi ya kutosha, na kutawanyika humo ndani, na ile sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) inayotuwezesha kuona vitu vidogo vidogo huwa haikukua kikamilifu tangu mtoto akiwa tumboni. Ndiyo maana miwani, hata iwe nzuri vipi, hurekebisha sehemu tu ya tatizo. Lakini hali hii kwa kawaida haizidi kuharibika mwaka hadi mwaka, na ualbino wenyewe haumfikishi mtu kwenye upofu kamili. Mwambie dada yako hivyo, na akitaka uhakika zaidi amuulize daktari wa macho aliyempima mtoto.

Mpwa wako basi ni msomaji wa maandishi ya wino, anayehitaji maandishi hayo yaandaliwe ipasavyo. Nukta nundu, ambayo Louis Braille aliichapisha mwaka 1829 akiwa kijana asiyeona, ni hazina kubwa na siipingi hata kidogo. Hata hivyo inamchukua mwanafunzi muda mrefu kufikia kasi ya kusomea masomo ya sekondari kwa vidole, na mashine zake ni adimu. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja kijana mwenye uoni hafifu aliyepelekwa kwenye nukta nundu akizisoma kwa macho: ameinama juu ya karatasi nyeupe akitafuta vivuli vya nukta zisizo na wino, kazi inayomchosha kuliko herufi yoyote iliyochapishwa. Uamuzi wa namna hiyo usifanywe kwa neno la mwalimu mmoja. Ombeni kijana apimwe jinsi anavyoutumia uoni wake, yaani herufi za ukubwa gani anazisoma, kwa umbali gani, katika mwanga gani, na kwa muda gani kabla ya kuchoka. Kitengo cha Elimu Mjumuisho cha Wizara ya Elimu ndipo pa kuanzia, na mwalimu mkuu ndiye anayepaswa kupeleka ombi.

Sasa kuhusu karatasi, jambo ambalo watu hulipuuza kwa kuvutiwa na vifaa. Wengi hukimbilia kukuza kwa fotokopi. Ukurasa wa A4 ukikuzwa kuwa A3, herufi huongezeka kwa asilimia 41 tu, kwa hiyo herufi ya pointi 12 inakuwa karibu ya pointi 17, na mtoto anabebeshwa karatasi pana isiyoenea kwenye dawati, ambayo ili amalize mstari mmoja hana budi kuisukuma huku na huku. Tena inapokuwa kopi ya kopi, wino huwa wa kijivu na karatasi ya kijivu, na kwa macho ya kijana huyu hilo ni baya kuliko udogo wa herufi. Ni bora mwalimu atoe faili lenyewe, lichapishwe upya kwa pointi 18 au 20 kwenye karatasi ya kawaida, kwa herufi nyeusi zisizo na madoido na mistari iliyoachana. Daftari nalo lipigwe mistari mizito, na aandike kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene badala ya penseli.

Darasani aachwe achague kiti mwenyewe, dirisha likiwa nyuma yake, na aruhusiwe kuvaa kofia yenye ukingo hata akiwa ndani. Macho ya wengi wenye ualbino hutikisika bila wao kutaka, na mtoto huinamisha au kugeuza kichwa upande mmoja kwa sababu kwa pembe hiyo mtikisiko hupungua na herufi hutulia. Mwalimu asiyejua humwambia akae sawa, na kwa amri hiyo anamwondolea uoni aliokuwa nao. Naomba wazazi wote wenye watoto wa namna hii wakaliseme jambo hilo skuli, kwa upole lakini bila kunyamaza.

Katika vifaa, mimi ningeanza na lenzi ya kukuzia ya mkononi kwa ajili ya vitabu na darubini ndogo ya jicho moja kwa ajili ya ubao. Havihitaji chaji wala bando. Darubini hiyo inataka mazoezi ya kulenga na kufuata mstari, kwa hiyo msikate tamaa siku za mwanzo.

MhitimuWaTunguu amejibu:

Namheshimu sana Maalim, na aliyoyasema kuhusu fotokopi nayaunga mkono kwa moyo wote. Kuna sehemu moja ninayoiona tofauti. Mimi sioni kabisa, nimesoma skuli za Unguja mpaka shahada ya kwanza, na nimekaa bweni moja na wenzangu wenye uoni hafifu ambao walisoma kwa macho tu kwa sababu kila mtu aliwaambia kwamba wanaona. Walipofika chuo, ambako mhadhiri mmoja anaweza kukupa kurasa mia kwa wiki, macho hayakutosha. Kijana anayeumwa kichwa kila jioni akiwa kidato cha pili ameshaanza kutuonyesha mpaka wake. Hesabu, ramani na michoro avisome kwa macho, lakini usomaji mrefu apewe masikio, na ajifunze sasa akiwa bado na muda.

Kwa kazi hiyo naipendekeza kompyuta mpakato. Programu inayoitwa NVDA husoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini ya Windows, na ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na vijana wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, kwa sababu programu za kulipia zilikuwa ghali mno kwa watu wengi wasioona. Kwetu sisi hilo lina uzito wa pekee: ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaopata wanachokihitaji wanaweza kuwa asilimia 3 tu.

NVDA huja na sauti ziitwazo eSpeak NG, ambazo zinajumuisha Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na zinafanya kazi bila intaneti. Sauti yenyewe ni ya kimashine na siku za mwanzo mpwa wako ataichukia. Avumilie, kwani sikio huizoea, na baadaye ataiongeza kasi mwenyewe. Jambo la kufundishwa mapema ni kubadilisha lugha. Sauti ya Kiingereza ikipewa aya ya Kiswahili huyavunja maneno kiasi kwamba hata Mpemba mwenyewe hatambui kwamba lilikuwa jina la mji wake. Programu inaweza kuhama lugha yenyewe, lakini kwa sharti kwamba faili limewekewa alama ya lugha ya kila sehemu, na mafaili mengi ya walimu wetu hayana alama hiyo. Kwa hiyo ajue kuhama kwa mkono: abonyeze Insert pamoja na Control na mishale ya kulia na kushoto mpaka afike kwenye sauti, kisha aibadilishe kwa mshale wa juu au wa chini. Akiwa na bando, kivinjari cha Edge kina kisomaji chenye sauti mbili nzuri za Kiswahili cha Tanzania, ya kike ikiitwa Rehema na ya kiume Daudi. Hizo zinasikika kama watu hasa, ila zinahitaji intaneti muda wote.

Tatizo kubwa zaidi ni faili lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kitini kilichopigwa picha kwa simu, kurasa zikiwa zimelala upande na kidole cha mpigaji kimefunika kona, kisha kikaunganishwa kuwa PDF na kuitwa nyenzo ya kielektroniki. Programu ya kusoma skrini ikikutana na picha haina la kusoma, kwa kuwa hapo hapana herufi. Mkipewa faili la namna hiyo, Insert pamoja na herufi R huiagiza NVDA itambue maandishi yaliyomo kwenye picha. Vilevile faili likipandishwa Google Drive na kufunguliwa kama waraka, maandishi hutolewa. Kiswahili kina bahati hapa, kwani herufi zake hazina alama za juu wala za chini, na hata utambuzi uliowekwa kwa Kiingereza huzipata kwa sehemu kubwa. Lakini picha iwe imepigwa kwenye mwanga, ukurasa umenyooshwa, na simu iko sambamba na kitabu.

Kuhusu nukta nundu, sikubaliani na kuifanya tishio wala adhabu. Kama kipimo kitaonyesha haihitaji, basi haihitaji. Ila kijana asikie kwetu kwamba mimi ninayeisoma si mtu wa kuhurumiwa.

MwalimuWaHesabu_Mkoani amejibu:

Nachangia kidogo upande wa darasani. Nikiwa na mwanafunzi asiyeuona ubao, husema kwa sauti kila ninachokiandika, pamoja na alama zake: "mabano yafunguliwe, eksi ongeza tatu, mabano yafungwe, yote kipeo cha pili." Darasa zima hufaidika, na wale waliokuwa wanakosea mabano wameacha. Daftari la andalio nalo humpa aliazime usiku wa kabla ya somo, ili mchana asikilize badala ya kukimbizana na chaki.

Wenye kuandaa vitini kwa kompyuta wazingatie jambo moja: milinganyo iandikwe kwa zana ya milinganyo iliyomo ndani ya Word, isibandikwe kama picha. Ikiwa imeandikwa hivyo inaweza kukuzwa bila kufifia, na ipo zana ya bure iitwayo MathCAT, inayofanya kazi pamoja na NVDA, inayoisoma kwa sauti. Mchoro wa jiometri bado unataka mkono wa mwalimu na kalamu nene.

FundiMlandege amejibu:

Mjomba, mimi ni fundi wa kompyuta mjini Unguja. Iwapo utachukua mpakato iliyotumika, usinunue kwa kuangalia jina la kampuni. Chukua yenye skrini ya inchi 15, na skrini iwe isiyong'aa; ile ya kung'aa kama kioo hurudisha mwanga wa dirisha na itamuumiza. Msaada wa Microsoft kwa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize muuzaji iwapo mashine inapokea Windows 11, na kwa Intel hilo kwa kawaida linaanzia prosesa za kizazi cha nane. Betri uijaribu dukani kwa kuitoa kwenye umeme na kukaa nayo muda wa kutosha, maana muuzaji atakuonyesha mashine inayowaka ikiwa imechomekwa.

Kikuzaji kimo ndani ya Windows, hakinunuliwi. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, na skrini itakua. Windows na Esc hukifunga. Kikiwa wazi, Control, Alt na herufi I hugeuza rangi, maandishi yakawa meupe juu ya weusi, na wateja wangu wenye macho yasiyostahimili mwanga huipenda hiyo kuliko kitu chochote.

Hata hivyo sitaki ukidharau kishikwambi. Kamera yake ni lenzi ya kukuzia na ni darubini kwa pamoja: anaupiga picha ubao, kisha anaikuza kwa vidole bila kuinuka. Kwenye Android, sehemu ya mipangilio ya ufikivu ina ukuzaji na ina huduma ya kusoma kwa sauti maandishi unayoyachagua. Kinakaa na chaji muda mrefu kuliko mpakato chakavu, jambo ambalo kwa siku umeme unapokatika si dogo. Kisicho na laini hakipigi wala hakipokei simu, na mkuu wa skuli anaweza kukiruhusu kwa barua akielezwa kwamba ni kifaa cha kusomea, kama miwani. Ukinunua kishikwambi, ongeza kibodi ndogo ya nje, kwani kuandika insha kwa kugusa kioo ni taabu kwa asiyeona vizuri.

MjombaWaKonde ameandika:

Nawashukuru nyote, Allah awalipe kheri. Nimemsomea dada yangu kwa simu maelezo ya Maalim kuhusu mboni na retina, na yale ya kijana wa Tunguu kuhusu nukta nundu, na amepata faraja. Tumekubaliana kwamba wiki ijayo baba yake atakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba kijana apimwe, na ataomba hapohapo mambo mawili yasiyo na gharama: kiti na daftari la andalio. Lenzi na darubini nitavinunua sasa, na akiba iliyobaki naiweka kwa ajili ya mpakato. Fundi, nakuelewa kuhusu kamera, ila kijana mwenyewe nilipomuuliza alisema anataka kitu atakachoandikia.

Limebaki swali moja. Mtihani wa kidato cha pili uko mbele. Je, kuna lolote tunalopaswa kufanya ili asipewe karatasi yenye herufi ndogo?

MaalimMjumuisho amejibu:

Mmefanya vyema kumuuliza mwenyewe. Kuhusu mtihani, lifanyeni sasa, msingoje muhula wa mwisho. Mtihani wa kidato cha pili unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na ule wa kidato cha nne na Baraza la Mitihani la Tanzania. Mitihani hii ina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ikiwemo karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa na nyongeza ya muda, lakini skuli ndiyo inayotoa taarifa wakati wa kuwasajili watahiniwa. Isipoandika kwamba mtahiniwa huyu ana uoni hafifu, siku ya mtihani msimamizi hana karatasi ya kumpa, hata awe na huruma namna gani. Baba yake aombe kuiona fomu ya usajili kwa macho yake na ahakikishe uoni hafifu umetajwa, pamoja na ukubwa wa herufi uliopatikana kwenye kipimo. Ruhusa ya lenzi na darubini iombwe kwa maandishi pia, na nakala ya barua ibaki nyumbani.

Jambo jingine ni mazoezi. Mitihani ya majaribio ya skuli nayo itolewe kwa herufi zilezile na muda uleule wa nyongeza. Kijana asiyewahi kutumia muda wa ziada huumaliza kwa kurudia swali la kwanza. Akishapimwa, niandikie ujumbe wa faragha na ukubwa wa herufi waliomwandikia. Ninayo mafaili ya mitihani iliyopita niliyokwisha kuyapanga kwa pointi 18 na 24, na ninaweza kumtumia kwa flashi kupitia mwalimu yeyote anayekuja Chake Chake.